KOMPYUTA NDOGO KATIKA MKOBA WA MSAFIRI



Imesimuliwa katika tarehe za wanazuoni wa madhehebu ya Shafi kwamba Imam Ghazali, aliyezaliwa Tus katika mwaka 450 wa Hijra (1058), alisafiri ujanani mwake kwenda Jurjan kutafuta ilimu. Huko aliyaandika masomo yake katika makaratasi, akayatia katika mfuko, akashika njia ya kurudi kwao. Njiani msafara ukaingiliwa na wanyang'anyi, wakachukua kila kitu. Kijana Ghazali hakuyajali mengine. Aliwafuata wale watu, akamsihi mkubwa wao amrudishie mfuko wa makaratasi, kwani hauna faida kwao, na ndani yake umo ujuzi wote alioufungia safari. Mnyang'anyi akacheka, akamwuliza vipi anadai kuwa ana ujuzi, ilhali akinyang'anywa mfuko anabaki hana kitu? Kisha akamrudishia mali yake. Maneno yale yalimwingia Ghazali moyoni. Alipofika Tus alikaa miaka mitatu akiyahifadhi yote yaliyokuwamo, hata lau angenyang'anywa tena asingepungukiwa na kitu.

Tumeanza kwa kisa hiki kwa sababu makaratasi ya siku hizi yamegeuka kuwa kompyuta, na mifuko yetu ya safari imebeba ndani yake mambo mengi kuliko mfuko wa Imam Ghazali. Tena tumeanza nacho kwa kuwa sisi wenyewe tulipatwa na mfano wake, ila sisi hatukukutana na mnyang'anyi wa kuturudishia.

KOSA LETU

Kazi ya kusomesha na kuwatahini watoto wa madrasa hututoa Tanga mara kwa mara: leo Muheza, wiki ijayo Pangani, na kila mwaka mara mbili au tatu hatuna budi kuvuka bahari kwenda Pemba. Kwa miaka mingi mizigo yetu ilikuwa Msahafu, kanzu ya kubadilisha na madaftari. Katika mwaka 2014 tukanunua kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, na tuliinunua kwa macho. Ilikuwa kubwa, ya kioo cha inchi 15, nyeusi yenye kung'aa, na muuzaji alitwambia kwamba kwa bei ile hatutapata kubwa kuliko hiyo. Nasi tuliona kubwa ndiyo bora, kama mtu anunuavyo mbuzi.

Ndani ya kompyuta ile tuliandika, kwa muda wa miaka minne, darsa za mwalimu wetu mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mzee yule alikuwa akisomesha kitabu cha Safinatun-Najaa baada ya sala ya alasiri, na kila jambo alilifasiri kwa hali za watu wa pwani: udhu wa mvuvi aliye ndani ya ngalawa, sala ya abiria wa basi ambaye dereva wake hataki kusimama, saumu ya mwanamke anayenyonyesha wakati wa jua kali. Hayo hayamo katika kitabu kwa sura hiyo. Yalikuwamo kifuani mwake. Tulikuwa tukiyaandika katika vipande vya karatasi, na usiku tukiyanakili katika kompyuta. Kisha vile vipande tukavitupa, tukisema kwamba sasa maneno ya mzee yamepata mahali pa salama.

Mzee akafariki katika mwaka 2018. Mwaka uliofuata tulikuwa tukirudi kutoka Pemba. Begi lilikuwa zito, kwani kompyuta na chaja yake na nguo zetu zilikuwa pamoja, na bega lilikuwa likituuma. Tukaona tuliweke juu ya magunia penye mizigo ya abiria, nasi tukakaa mbali kidogo tupate upepo. Bahari ya siku ile ilikuwa na mawimbi. Begi likaanguka chini, na kompyuta ilikuwa haikuzimwa sawasawa, diski yake ingali ikizunguka. Tulipofika nyumbani tukaiwasha. Ikawa yatoa sauti ya kugonga-gonga ndani kwa ndani, wala haikufunguka. Fundi wa kwanza alitikisa kichwa, na wa pili akatikisa kichwa. Darsa za miaka minne zikawa hazipo, na mwenyewe yuko kaburini.

Hatumlaumu mtu. Bahari ni bahari, na muuzaji hakutudanganya. Makosa yalikuwa yetu, nayo yalikuwa mawili: tulinunua chombo kisichokuwa cha msafiri, na ilimu yote tukaiweka mahali pamoja. Basi tumeona ni wajibu wetu kuwaeleza ndugu zetu, khasa vijana na waalimu, tuliyojifunza baada ya hasara ile, ili mwingine asiyalipie kwa bei tuliyoyalipia sisi.

UZITO NDIO WA KWANZA

Mtu asafiriye mara kwa mara na aulize uzito kabla ya kuuliza jambo jingine. Kitu kizito huwekwa chini, na kinachowekwa chini husahauliwa, au huangushwa, au huibiwa. Kompyuta ya inchi 15 aghalabu huwa na kilo mbili au zaidi bila ya chaja. Ya inchi 12 au 13 huwa na kilo moja na kitu, nayo huingia katika mkoba mdogo ambao mtu aweza kuupakata safari nzima, akaingia nao chooni na msikitini, bila ya kumwomba abiria mwenzake amtazamie.

Hamu ya watu ya kuwa na kompyuta ya kuchukulika haikuanza jana. Katika mwaka 1981 iliuzwa huko Marekani kompyuta iitwayo Osborne 1, nayo ni katika za mwanzo kabisa zilizofanywa kwa wasafiri. Uzito wake ulikuwa kama kilo 11, kioo chake kilikuwa cha inchi 5 tu, haikuwa na betri bali ilitaka umeme wa ukutani, na bei yake ilikuwa dola 1,795. Ilichukulika kama cherehani ichukulikavyo. Kisha katika mwaka 2007 kampuni ya ASUS ya Taiwan ikatoa Eee PC, yenye kioo cha inchi 7 na uzito usiofika kilo moja, kwa bei ambayo watu wengi waliimudu. Watu wakaishangilia, na viwanda vingine vikaiga. Lakini haukupita muda mrefu wengi wakaziacha zile ndogo mno, kwani herufi zilionekana kwa taabu, vitufe vya kuandikia vilibanana, na kazi ilikwenda polepole. Wepesi ulipatikana, lakini faida ikapungua.

Twapata hapa mafunzo kwamba wepesi nao una mpaka wake. Khasa kwetu sisi tunaosoma maandishi ya Kiarabu yenye irabu, ambao hatuna budi kuipambanua fatha na dhumma, na shadda na sukuni, kioo kidogo mno ni adhabu ya macho. Na kwa aliyekwisha pita miaka hamsini kama sisi, adhabu hiyo ni mara mbili. Twaona kiasi kizuri ni inchi 12 au 13. Aliye kijana mwenye macho mazuri aweza kushuka hadi 11, lakini asishuke zaidi ya hapo.

Huenda mtu akauliza: je, simu haitoshi? Jawabu ni kwamba kwa kusoma na kusikiliza yatosha, na asiye na haja ya zaidi asijitie gharama. Lakini anayeandika majina ya watoto mia mbili na alama zao, au anayefanya hesabu ya duka, au anayetunga somo la kurasa kumi, huyo akitumia simu atachoka kabla kazi haijafika nusu. Tena kuna maktaba ya vitabu vya Kiarabu iitwayo al-Maktaba ash-Shamila, inayotolewa bure, yenye maelfu ya vitabu vya tafsiri, hadithi na fikihi. Mwalimu aliyeiweka katika kompyuta yake aweza kutafuta neno moja katika vitabu vyote hivyo bila ya kuwa na intaneti, hata akiwa kijijini. Wazee wetu walivuka bahari mpaka Hadhramaut na Makka kutafuta baadhi ya vitabu hivyo.

RAHISI NA NAFUU

Mtu mwenye fedha kidogo ana njia mbili. Ya kwanza ni kununua kompyuta mpya ya bei ya chini. Ya pili ni kununua iliyokwisha tumika, katika zile zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi, ambazo huuzwa zikiisha kukaa huko miaka michache na kuletwa kwetu. Mpya hung'aa, lakini nyingi katika za bei ya chini kabisa zina nafasi ndogo ya kuwekea vitu, GB 64 au hata chini ya hapo, na nafasi yenyewe imegandishwa ndani, haiwezi kubadilishwa ikajaa. Windows 11 peke yake imewekewa sharti la nafasi isiyopungua GB 64. Basi mambo yako wewe utayaweka wapi? Zile za maofisi zilijengwa kwa watu wanaosafiri: bawaba zake ni imara, vitufe vyake ni vizuri, na sehemu nyingi hupata fundi wa kuzitengeneza. Sisi twaipendelea njia ya pili, lakini kwa masharti.

Sharti la kwanza ni diski isiyozunguka, ambayo mafundi huiita SSD. Diski ya zamani ni kama santuri: ndani yake mna sahani inayozunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika, na juu yake mna kichwa cha kusoma kinachopita karibu mno na uso wake. Ikiangushwa nayo yazunguka, kichwa huikwaruza sahani, na hayo ndiyo yaliyotupata sisi. SSD haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo huvumilia mitikisiko ya basi na meli, ni nyepesi, na huifanya kompyuta iwake kwa haraka. Ukiona kompyuta nzuri yenye diski ya zamani, mwulize fundi kama aweza kuitoa na kutia SSD ya GB 256, ukaifanye gharama hiyo kuwa sehemu ya bei.

Sharti la pili ni umri. Muda wa kawaida wa kuhudumiwa kwa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi kompyuta nyingi za zamani. Kwa zile zenye kichakato cha Intel, zinazokubaliwa, isipokuwa chache, ni za kizazi cha nane na kuendelea, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Kwa hiyo muulizeni muuzaji kizazi, wala msitosheke na jawabu kwamba "bado mpya hii". Aliyekwisha kuwa na ya zamani asiitupe. Aweza kumwomba fundi amtilie Linux, kama vile Ubuntu, ambayo hutolewa bure, huandika Kiarabu na Kiswahili, na hufaa kwa kazi nyingi za mwalimu na mwanafunzi.

Sharti la tatu ni RAM ya GB 8, kwani GB 4 siku hizi hulemewa upesi. Na la nne, kama ikipatikana, ni tundu la kuchajia la USB-C, lile ambalo simu nyingi mpya hulitumia. Msafiri mwenye tundu hilo aweza kubeba chaja moja kwa kompyuta na simu, maadamu chaja yenyewe ina nguvu ya kutosha. Umoja wa Ulaya umeweka sharti kuwa kompyuta mpakato mpya zinazouzwa huko ziweze kuchajiwa kwa tundu hilo kuanzia tarehe 28 Aprili 2026, basi chaja hizo zitazidi kuwa nyingi.

INGIZA MKONO NDANI

Imepokewa katika Sahihi ya Imam Muslim kwamba Mtume Muhammad s.a.w. alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vyake vikapata umajimaji. Alipomwuliza mwenyewe, akajibu kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume s.a.w. akamwonyesha kwamba ilimpasa kile kilicholowa akiweke juu ili watu wakione, na akabainisha kuwa mwenye kudanganya si katika sisi.

Ndugu zetu mnaouza kompyuta zilizotumika, fikirini kisa hiki. Kompyuta iliyopigwa msasa na kupakwa rangi nje, na betri yake ndani imekufa, ni lile rundo lile. Elezeni aibu ya mali yenu, na Mwenyezi Mungu atatia baraka katika thamani yake.

Na ndugu zetu wanunuzi, ingizeni mkono ndani. Usinunue kompyuta ambayo haijatolewa katika waya. Itoe chaja, uitumie nusu saa mbele ya muuzaji, utazame betri inashuka kwa kiasi gani. Katika Windows ipo amri iandikwayo powercfg /batteryreport, ambayo hutoa karatasi ya hesabu ya betri: ilikuwa na uwezo gani ilipotoka kiwandani, na leo inachukua kiasi gani. Ikiwa imebakiwa na nusu tu, ama uipunguze bei kwa thamani ya betri mpya, ama uiache. Kisha bonyeza kila kitufe kimoja kimoja. Fungua ukurasa mweupe utazame kama kioo kina madoa. Ifunge na uifungue mara tano usikilize bawaba. Iunganishe na intaneti ya simu yako. Izime kabisa na uiwashe tena, ujue kama inadai nywila ya mwenyewe wa zamani, kwani inayodai nywila asiyoijua muuzaji huenda haikuuzwa na mwenyewe. Mwisho, chukua risiti. Muislamu halali katika mali ya wizi kwa kisingizio cha kuwa ilikuwa rahisi.

FEDHA YA HALALI

Kijana mmoja aliyepata kusoma kwetu, ambaye sasa husafiri kati ya Tanga na Dar es Salaam kwa biashara ya nguo, alitujia baada ya sala ya magharibi.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu."

"Maalim, kompyuta nimeipata. Fedha nazikopa kwenye simu, nitalipa kidogo kidogo."

"Utalipa kiasi kile kile ulichokopa?"

Akanyamaza kidogo. "Ina riba, maalim, lakini ni kidogo tu."

"Mwanangu, panya akitumbukia mtungini akiwa mdogo, maji utayanywa?"

Akacheka, akainamisha kichwa. Tukamwuliza ni kompyuta ya namna gani. Ilikuwa ya inchi 17, iliyofanywa kwa ajili ya michezo, yenye taa za rangi chini ya vitufe. Tukamwuliza kazi yake. Akasema ni kuandika hesabu za kanga na vitenge, na kuandikiana na wenye maduka. Basi tukamwambia kuwa kanga hazihitaji taa za rangi.

Tumekitaja kisa hiki kwa kuwa ni cha wengi. Mtu hukopa kwa riba, si kwa sababu ya haja, bali kwa sababu amechagua kitu kikubwa kuliko haja yake. Lau angechagua kilicho kiasi chake, huenda asingehitaji kukopa. Mwenyezi Mungu katika Sura ya al-Furqan amewasifu waja wake ambao katika matumizi yao hawafanyi israfu wala hawafanyi ubakhili, wakawa katikati. Kompyuta inayonunuliwa kwa ajili ya macho ya watu ni israfu, hata ikiwa bei yake imepunguzwa.

Njia za halali zipo. Ipo ya kuweka akiba polepole. Upo mchezo, watu wakatoa kila mwezi fedha sawasawa na kumpa mmoja wao kwa zamu, bila ya nyongeza. Ipo karadha njema kutoka kwa jamaa, nayo iandikwe na washuhudiwe watu, kama tulivyoamrishwa katika Sura ya al-Baqara kuyaandika madeni. Na ipo kununua kwa malipo ya vipindi, ambako wanazuoni wengi wamekuruhusu, ikiwa bei yote imekatwa siku ya mapatano wala haiongezwi mtu akichelewa. Kijana wetu aliingia katika mchezo na wenzake wanane. Zamu yake ilipofika mwezi wa tano alinunua kompyuta ya inchi 12 iliyotumika, kwa shilingi laki nne, na haidaiwi na mtu.

Twawanasihi pia wazee kwamba jambo hili liwe la mashauri ya nyumba nzima. Kompyuta ya baba msafiri akirudi nyumbani yaweza kuwa ya mama kuandika hesabu za ushoni wake, na ya watoto kufanyia masomo yao, mahali penye watu na kwa saa zinazojulikana. Kitu kimoja kikiwafaa wanne, gharama yake imegawanyika.

NJIANI

Mwenye kompyuta ndogo asiitenge naye. Katika basi aipakate, asiitie chini ya gari wala kwenye kichanja cha juu. Katika meli aifunge ndani ya mfuko wa plastiki, kisha ndiyo aitie katika mkoba, kwani maji ya chumvi hula shaba ndani ya kompyuta hata yakiisha kukauka. Aizime kabisa kabla ya kuondoka. Asiiache ndani ya gari lililofungwa juani, kwa sababu joto ndilo adui mkubwa wa betri. Na kama kompyuta itakaa siku nyingi bila ya kutumiwa, betri iachwe katika nusu, isiwe imejaa wala imekauka.

Wanaokwenda Hija na Umra, au safari yoyote ya ndege, wajue kwamba kompyuta inafaa kubebwa mkononi ndani ya ndege. Betri za akiba na zile za kuchajia simu haziruhusiwi kabisa katika mizigo inayowekwa chini, kwa kukhofiwa moto. Betri isiyozidi saa-wati 100 hupita bila ya ruhusa maalumu, na betri za kompyuta ndogo aghalabu ziko chini ya hapo. Tena itazame chaja: ikiwa imeandikwa volti 100 hadi 240, itafaa kwetu na itafaa ugenini, ila huenda ukahitaji kichwa cha plagi cha nchi ile.

AMANA ILIYO NDANI

Tumezungumza juu ya chombo; sasa tuzungumze juu ya kilichomo, nacho ndicho chenye thamani. Kompyuta ikipotea yanunuliwa nyingine. Maneno ya mzee aliyekufa hayauzwi dukani.

Kwa hiyo kila jambo la thamani na liwe na nakala tatu: moja katika kompyuta, ya pili katika flashi au diski inayokaa nyumbani wala haisafiri, na ya tatu mahali pengine mbali, kama kwa ndugu unayemwamini au katika hifadhi ya intaneti. Sisi tumejiwekea siku ya Alhamisi baada ya isha kuwa ndiyo siku ya kunakili, na hatulali kabla ya kunakili. Flashi peke yake isitegemewe, kwani ni ndogo na hupotea kama sindano.

Pili, kompyuta ifungwe. Ndani yake huenda mkawamo picha za wake zetu na binti zetu, majina ya watoto wa watu, na siri za waliotutaka ushauri. Hayo ni amana na sitara. Iwekwe nywila isiyokuwa jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa, na fundi aombwe aifunge diski yenyewe kwa siri, ili mwizi akiiba apate chuma tu, asipate heshima ya nyumba.

Na tatu ni lile la Imam Ghazali. Baada ya hasara yetu tulikaa siku nyingi tukiona haya kulisema. Kisha tukaanza kuwaendea wale waliokaa pamoja nasi katika darsa. Mmoja, aliye mvuvi, hajui kuandika sana, lakini alitusomea kwa moyo suala la udhu wa ngalawani tangu mwanzo hadi mwisho, kama mzee alivyolisema, hata kikohozi chake. Mama mmoja, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, alikuwa na daftari la kurasa arubaini. Kijana mwingine alikuwa amehifadhi mlango mzima wa saumu. Tukaandika upya, tukasomeana, tukasahihishana. Tumepata kiasi cha nusu. Nusu nyingine Mwenyezi Mungu ndiye aijuaye.

Sisi, tulioandika kila neno, ndio tuliokuwa hatuna kitu kifuani, kwa kuwa tuliitegemea kompyuta itukumbukie. Na yule mvuvi, asiyekuwa na kompyuta wala kalamu, ndiye aliyeturudishia.

Basi, ndugu zetu, nunueni kompyuta ndogo, nyepesi, imara, kwa bei mnayoiweza na kwa fedha ya halali, na msitenganenayo njiani. Ni neema kubwa kwa msafiri. Lakini mkiisha kuandika, someni. Na mkiisha kusoma, hifadhini. Na mkiisha kuhifadhi, wasomesheni wengine. Ilimu iliyomo katika vifua vingi haianguki kutoka juu ya magunia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waalimu wetu waliotangulia, atusamehe tuliyoyapoteza katika amana zao, na azitie baraka safari zetu na mali zetu. Amin.